Kinyama cha figo, mkojo wa miezi au kikokotoo: kipi kikuonyeshe figo zinakoelekea?

Mkojo una povu lisiloisha, stiki ya maabara imeonyesha protini alama tatu, kreatinini (taka ya damu inayopaswa kutolewa na figo) imeanza kupanda, na sasa daktari anapendekeza kuchukua kinyama cha figo, yaani kipande kidogo cha nyama ya figo kinachotolewa kwa sindano (biopsi). Familia huuliza kwanza, "Daktari, hakuna kipimo kingine?" Swali la pili huja kwenye korido, daktari akishaondoka: hicho kinyama kikitoka, kitatuambia kama mtu wetu ataishia kwenye mashine ya kusafisha damu?

Hayo ni maswali mawili, na majibu yake hayafanani. Kwa swali la "ni ugonjwa gani huu", kinyama hakina mpinzani katika magonjwa mengi ya vichujio vya figo. Kwa swali la "miaka kumi ijayo atakuwa wapi", wapinzani wapo, na baadhi yao hawahitaji sindano kabisa.

Hapa nalinganisha njia nne zinazotumika kutabiri mwenendo wa figo. Mfano mkuu ni nefropathi ya IgA, ugonjwa wa kingamwili ziitwazo IgA kujikusanya kwenye vichujio vya figo, ambao Jean Berger na Nicole Hinglais waliueleza huko Paris mwaka 1968, kwa sababu umefanyiwa kazi nyingi sana ya kutabiri kwa kinyama. Pembeni yake naweka lupus ya figo, yaani kinga ya mwili kuishambulia figo yenyewe, maana huku kwetu familia nyingi, hasa zenye mabinti, huifahamu kuliko IgA.

Vigezo kwanza

Kila njia nimeipima kwa mambo matano. Inajibu swali gani hasa? Utabiri wake una nguvu kiasi gani, na unafika miaka mingapi mbele? Mwili wa mgonjwa unalipa nini? Inahitaji vifaa na wataalamu gani? La tano ndilo ninalolipa uzito zaidi: jibu likipatikana, kuna kitakachobadilika kwenye matibabu? Utabiri usiobadilisha dawa, ratiba ya kliniki wala mipango ya nyumbani ni habari ya kukosesha watu usingizi tu.

Tuwekane sawa pia kwamba utabiri huu ni wa kundi. Ukiambiwa uwezekano ni 20% ndani ya miaka mitano, maana yake kati ya watu mia wenye majibu kama yako, ishirini hivi watafika huko na themanini hawatafika. Hakuna kipimo kinachojua wewe umo katika fungu lipi.

Njia ya kwanza: kinyama chenyewe, na alama zake

*Kinajibu nini.* Jina la ugonjwa, kiasi cha moto unaowaka sasa (uvimbe wa ugonjwa ulio hai), na kiasi cha kovu lililokwisha kubaki. Hivyo viwili vya mwisho watu huvichanganya, na ndivyo vinavyobeba utabiri wote. Moto unaweza kuzimwa kwa dawa. Kovu halirudi kuwa nyama ya figo.

Mgonjwa hulala kifudifudi, hupigwa ganzi ubavuni karibu na kiuno, daktari huitafuta figo kwa ultrasaundi, kisha humwambia avute pumzi na kuibana. Sindano ya springi inalia "tak!" na kazi imeisha. Kinachotoka ni uzi wa nyama wa sentimita moja au mbili, unene milimita moja hivi. Njia hii ya sindano ilianza kuenea baada ya Poul Iversen na Claus Brun wa Copenhagen kuchapisha uzoefu wao mwaka 1951, lakini kwa miaka mingi ripoti ziliandikwa kwa maneno tu: "kiasi", "wastani", "nyingi". Kwa IgA, lugha ya pamoja ilipatikana mwaka 2009 kwa mfumo wa Oxford, uliojengwa juu ya vinyama vya wagonjwa 265, watu wazima na watoto.

Tuseme karatasi yako imeandikwa hivi: vichujio 14, vitatu vimekufa kabisa, M1 E0 S1 T1 C0. Isome polepole. Vichujio 14 vinatosha, kwa kuwa mfumo wa Oxford unataka angalau 8. Chini ya hapo, herufi zinazofuata zichukulie kwa tahadhari kubwa. M1 inasema seli zimeongezeka kupita kiasi katika tishu inayoshikilia vishipa vya kichujio. E0 inasema hakuna seli za uvimbe zilizojaa ndani ya vishipa hivyo. S1 ina maana sehemu ya kichujio kimoja au zaidi imeshageuka kovu. T1 ina maana mirija iliyonyauka, pamoja na kovu lililoizunguka, inachukua kati ya 26% na 50% ya eneo lililoonekana. Ingezidi 50% ingekuwa T2. C0 inasema hakuna kichujio chenye hilali, yaani kile kidonda chenye umbo la mwezi mwandamo kinachobana kichujio kutoka pembeni. Vikiwepo lakini chini ya robo ya vichujio vyote, ni C1. Robo na zaidi, ni C2.

Kama una nafasi ya kumuuliza daktari kuhusu herufi moja tu, uliza T.

*Nguvu ya utabiri.* T ndiyo inayosimama karibu katika kila utafiti. Ule wa Ulaya uitwao VALIGA, uliotoka mwaka 2014 ukiwa na wagonjwa 1,147 wa nchi 13, ulithibitisha M, S na T. Na si kwa IgA peke yake. Tangu mwaka 1968 Risdon na wenzake walionyesha kwamba uharibifu wa mirija na eneo linaloizunguka unaendana na kazi ya figo kuliko uharibifu wa vichujio vyenyewe, jambo lililowashangaza wengi waliodhani kichujio ndicho kila kitu. Mwaka 2017 wataalamu wa Mayo Clinic walipendekeza alama ya kovu ya 0 hadi 10 inayotumika kwa magonjwa mbalimbali: vichujio vilivyokufa hadi 3, kovu la katikati hadi 3, mirija iliyonyauka hadi 3, mishipa iliyokakamaa 1. Katika lupus, pamoja na madaraja sita ya mfumo wa mwaka 2003, ripoti nzuri hutoa alama mbili: ya moto, inayofika 24, na ya kovu, inayofika 12.

Sasa kuna mtego ambao hata wahudumu wa afya hunaswa nao. Katika utafiti wa kwanza wa Oxford, E haikutabiri vizuri. Mtu angeweza kudhani basi E haina madhara. Sababu ilikuwa tofauti: wengi waliokuwa na E walipewa steroidi au dawa nyingine za kushusha kinga, na E huitikia dawa hizo. Tafiti nyingine zilipowatazama wale ambao hawakupewa, E ikaonekana kwenda na kushuka kwa kazi ya figo. Hilali zilipatwa na mkasa wa aina hiyo: utafiti wa kwanza uliwaacha nje wagonjwa ambao figo zao zilikuwa tayari ziko chini sana, ambao ndio wenye hilali nyingi, hivyo C haikuingia. Ilibidi wakusanywe wagonjwa 3,096 kutoka makundi manne ndipo C ikaongezwa kwenye mfumo. Kwa hiyo alama "isiyotabiri" huenda ni ile inayotibika vizuri, na ukiiacha bila kutibiwa itaanza kutabiri.

Udhaifu mkubwa wa kinyama ni udogo wake. Kila figo ina vichujio vipatavyo milioni moja, nawe unatazama kumi, kumi na tano, ishirini. Chukua ugonjwa ulioshika 10% ya vichujio, kama unavyoanza ule wa makovu ya sehemu uitwao FSGS. Ukipata vichujio 10, uwezekano wa kuukosa kabisa ni takriban 35%. Ukipata 20, unashuka hadi 12%. Kingine ni jicho la msomaji: wataalamu wa patholojia hukubaliana vizuri kuhusu T, lakini E na C huwagawa.

*Mwili unalipa nini.* Kwa takwimu zilizokusanywa kutoka hospitali nyingi, watatu hadi wanne kati ya mia huona damu kwenye mkojo, na mmoja au wawili kati ya mia huhitaji kuongezewa damu. Kifo ni nadra sana. Presha isiyodhibitiwa na dawa zinazozuia damu kuganda huongeza hatari, ndiyo maana daktari atakuuliza kuhusu aspirini mara mbili tatu. Baada ya hapo ni kulala chali kwa saa kadhaa huku mkojo ukikaguliwa rangi.

*Kinahitaji nini.* Hapa ndipo wengi huumia bila kujua. IgA haitambuliki kwa hadubini ya kawaida peke yake. Lazima kinyama kipimwe kwa mwanga wa floresensi ili kingamwili zenyewe zionekane. Kipimo hicho kwa kawaida kinataka kipande kilichogandishwa au kilichowekwa kwenye maji maalumu ya kukihifadhi. Kinyama chote kikitumbukizwa kwenye fomalini, zipo mbinu za kukiokoa, lakini si kila maabara inazo. Uliza kabla ya siku ya sindano: "Vipande viwili vitachukuliwa? Cha floresensi kinapelekwa wapi, na kwa chombo gani?" Ni swali la heshima na hakuna daktari wa figo atakayelichukia.

*Kinamfaa nani.* Yule ambaye jina la ugonjwa halijulikani, na jina hilo likijulikana litaamua dawa. Hakimfai sana mwenye figo zilizokwisha kusinyaa hadi chini ya sentimita 9: hatari ya kutoka damu hupanda, na utakachoona ni kovu ambalo ultrasaundi ilishaonyesha.

Njia ya pili: mkojo, damu na presha kwa muda

*Inajibu nini.* Mwendo. Kinyama ni cha siku moja. Karatasi za majibu za miezi kumi na miwili zinaonyesha figo zinashuka kwa kasi gani na kama dawa zinafanya kazi.

*Nguvu ya utabiri.* Ni kubwa kuliko watu wanavyodhani kwa kipimo cha kikopo cha plastiki. Utafiti wa Toronto wa mwaka 2007, wenye wagonjwa 542 wa IgA, ulionyesha kwamba waliokaa na protini ya zaidi ya gramu 3 kwa siku walipoteza kazi ya figo kwa kasi mara 25 kuliko waliokaa chini ya gramu 1. Lenye faraja zaidi: walioanza na gramu 3 au zaidi lakini wakafanikiwa kushuka chini ya 1 walikuwa na mwendo unaofanana na wale ambao hawakuwahi kuzidi 1. Mahali ulipoanzia pana uzito mdogo kuliko mahali dawa zilipokufikisha.

Hata hivyo "chini ya gramu moja" siku hizi haitoshi. Sajili ya magonjwa adimu ya figo ya Uingereza, iliyochapisha mwaka 2023 matokeo ya watu wazima 2,299 wenye IgA, ilikuta kwamba hata miongoni mwa wale ambao wastani wao wa protini ulikuwa kati ya nusu ya kiwango hicho kilichozoeleka na kiwango chenyewe, karibu 30% figo zilishindwa ndani ya miaka 10. Ndiyo sababu lengo la matibabu limeteremshwa hadi chini ya nusu gramu kwa siku.

Katika lupus, tafiti mbili za Ulaya zilifika karibu pamoja: mgonjwa ambaye protini yake iko chini ya gramu 0.7 au 0.8 kwa siku ifikapo mwezi wa 12 wa matibabu ana matumaini mazuri ya miaka mingi. Na kwa watoto wenye nefrotiki (protini nyingi kupotea kwenye mkojo na mwili kuvimba), kuitikia steroidi kunatabiri maisha ya figo vizuri kuliko kinyama chenyewe. Wazazi wengi hawaambiwi hili, wakabaki wanadhani mtoto amenyimwa kipimo cha maana.

Kwa mtu ambaye figo zake zimeshashuka chini ya 60 kwenye kiwango cha uchujaji, kile kinachoandikwa eGFR kwenye karatasi ya majibu, ipo fomula ya Navdeep Tangri wa Canada ya mwaka 2011. Inataka vitu vinne tu: umri, jinsia, kiwango cha uchujaji, na uwiano wa albumini (aina ya protini) na kreatinini kwenye mkojo. Inatoa asilimia ya figo kushindwa ndani ya miaka 2 na miaka 5. Mwaka 2016 ilijaribiwa kwa watu zaidi ya laki saba kutoka nchi zaidi ya 30 na ikasimama. Haijali jina la ugonjwa wako, na huo ni uwezo wake na upungufu wake pia.

Nyufa zipo. Protini ya gramu 2 inaweza kutoka kwenye kichujio kinachowaka au kwenye kichujio chenye kovu linalovuja, na mkojo hautofautishi. Wa kwanza anahitaji dawa za kushusha kinga. Wa pili akipewa dawa hizo atapata maambukizi bila faida. Nyingine inatuhusu moja kwa moja: utafiti uliopima kazi halisi ya figo kwa watu wa Malawi, Afrika Kusini na Uganda, uliochapishwa mwaka 2022, ulikuta kwamba fomula za kreatinini huonyesha figo kuwa nzima kuliko zilivyo. Kreatinini hutoka kwenye misuli, na mwenye misuli kidogo huonekana salama kwenye karatasi wakati sivyo. Kipimo cha sistatini C, protini ya damu isiyotegemea misuli sana, kinasaidia pale kinapopatikana.

*Mwili unalipa nini.* Tone la damu na kikopo cha mkojo. Gharama yake ya kweli ni muda. Kwa ugonjwa unaokimbia, miezi sita ya "tuendelee kuangalia" inaweza kuwa ndiyo miezi ambayo moto uligeuka kovu.

*Inahitaji nini.* Maabara ileile kila mara ikiwezekana, mkojo wa kwanza wa asubuhi, na karatasi zote kwenye faili moja. Kreatinini ya maabara tatu tofauti zenye vipimo viwili, huku mikromoli huku miligramu, imeshawatisha watu bure. Bahasha moja ya karatasi zilizopangwa kwa tarehe inamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

*Inamfaa nani.* Mwenye dalili nyepesi, mtoto wa nefrotiki wa kawaida, mwenye kisukari cha miaka mingi ambaye macho nayo yameshaguswa, na kila mtu aliyekwisha kuchukuliwa kinyama. Huyo wa mwisho asidhani ripoti imemmalizia safari ya maabara.

Njia ya tatu: kikokotoo kinachochanganya vyote

*Kinajibu nini.* Kwa mgonjwa huyu wa IgA, leo, uwezekano wa kazi ya figo kupungua nusu au figo kushindwa kabisa ni asilimia ngapi ndani ya miaka mitano? Muda unaweza kusogezwa hadi karibu saba.

Kikokotoo cha kimataifa cha IgA kilichapishwa mwaka 2019 na timu iliyoongozwa na Sean Barbour wa Chuo Kikuu cha British Columbia, kwa takwimu za wagonjwa 3,927. Unaingiza umri, kiwango cha uchujaji, presha, protini ya mkojo ya wakati wa kinyama, herufi M, E, S na T, na kama mgonjwa alikuwa ameshaanza dawa za kundi la enalapril na losartan au za kushusha kinga. C haimo. Baadaye yakaja matoleo ya watoto, na la kupima upya mwaka mmoja au miwili baada ya kinyama.

*Nguvu ya utabiri.* Kinatabiri vizuri kuliko takwimu za kliniki zikiachwa peke yake, na mwongozo wa kimataifa wa magonjwa ya vichujio wa mwaka 2021 ulikipendekeza. Lakini mwongozo huohuo umekiwekea mpaka: asilimia kinayotoa haisemi dawa ipi itakusaidia. Mtu mwenye hatari kubwa kwa sababu ya T2 na mwingine mwenye hatari ileile kwa sababu ya E1 na protini nyingi wanapata namba moja, wakati wa kwanza ana kovu na wa pili ana moto. Namba moja, njia mbili. Kwangu huu ndio upungufu wake mkubwa kuliko hesabu yoyote iliyomo ndani.

Kisha kuna suala la asili. Toleo moja linauliza kama mgonjwa ni Mzungu, Mchina, Mjapani au "wengine", na Mwafrika anaangukia humo kwenye "wengine", kundi lenye watu wachache. IgA huonekana kwa nadra kwa watu wa asili ya Kiafrika ukilinganisha na Asia Mashariki, kwa hiyo wagonjwa wetu hawakuwa wengi katika ujenzi wake. Lipo toleo lisilouliza asili, nalo ndilo ningelitumia.

*Mwili unalipa nini, na kinahitaji nini.* Hakuna sindano mpya, ila hakifanyi kazi bila kinyama kilichosomwa kwa mfumo wa Oxford. Ripoti ikisema tu "inalingana na IgA" bila herufi, mwombe daktari arudishe swali maabara. Mara nyingi vioo vya hadubini vyenye kinyama hicho vimehifadhiwa na vinaweza kusomwa tena bila kumchoma mgonjwa.

*Kinamfaa nani.* Mwenye IgA iliyothibitishwa, siku za mwanzo, ambaye anataka kujua ukubwa wa jambo kabla ya kukubali dawa nzito. Hakihusu lupus, kisukari wala FSGS, hata kama tovuti itakuruhusu kujaza namba.

Njia ya nne: kinyama cha pili

Hii nitaipita haraka kwa sababu inawahusu wachache, hasa wa lupus. Inajibu swali moja tu: protini iliyobaki baada ya matibabu ni moto au kovu? Tafiti za kinyama cha marudio zimeonyesha mara kwa mara kwamba mkojo na nyama vinaweza kupingana. Yupo ambaye mkojo umetulia lakini ndani bado kunawaka, na yupo ambaye bado anavuja lakini moto ulishazimika. Kwa anayetaka kusimamisha dawa za kushusha kinga, labda kwa ajili ya kupanga ujauzito, kujua yuko upande gani kunabadilisha uamuzi wote. Mwili unalipa bei ileile ya sindano ya kwanza, na mahitaji ya maabara ni yaleyale. Kama ripoti ya kwanza haikuwa na alama za moto na kovu, kulinganisha kutakuwa kwa kubahatisha.

Uko katika hali gani?

Kreatinini inapanda kwa siku au wiki, mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi, presha imeruka: hapa hakuna mjadala wa kufuatilia. Hilali huua vichujio haraka, na kinyama cha mapema ndicho kinachoweza kuokoa vilivyobaki. Kama hospitali uliyopo haina uwezo huo, omba rufaa siku hiyohiyo.

Una lupus na protini imefika nusu gramu kwa siku: kubali kinyama hata kama unajisikia vizuri. Daraja la ugonjwa halikisiwi kwa uso wala kwa uchovu. Baada ya hapo, mwezi wa 12 uwe tarehe iliyowekwa alama kwenye kalenda.

Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na 12 kavimba uso asubuhi na miguu jioni, protini nyingi, lakini hakuna damu inayoonekana kwenye mkojo na presha ni ya kawaida: steroidi kwanza kwa dozi na muda kamili, kinyama baadaye ikiwa haziitikii. Mama asikatize dawa uvimbe unapoisha wiki ya pili, maana ataharibu kipimo chenyewe cha utabiri.

Mtu mzima mwenye nefrotiki, kiwango cha uchujaji kikiwa kizuri: uliza kwanza kipimo cha damu cha kingamwili ya PLA2R, iliyogunduliwa mwaka 2009. Ikiwepo, ugonjwa wa utando wa vichujio unaweza kutambuliwa bila sindano.

Damu kidogo kwenye mkojo isiyoonekana kwa macho, protini chini ya nusu gramu, presha na kreatinini za kawaida: fuatilia. Weka tarehe za kupima, na mkubaliane na daktari mapema ni namba gani ikifikiwa mtazungumzia kinyama. Bila makubaliano hayo, ufuatiliaji hugeuka kusahauliana.

Kisukari cha miaka mingi, protini imepanda taratibu, macho yana dalili zake: mkojo na fomula ya Tangri vinatosha kwa wengi. Lakini protini ikilipuka ghafla, au macho yako safi kabisa, au kuna damu kwenye mkojo, huenda kuna ugonjwa wa pili umejificha nyuma ya kisukari, na kinyama kinapata maana.

IgA imethibitishwa na familia inavutana kuhusu steroidi: jazeni kikokotoo pamoja na daktari, kisha mrudi kwenye herufi. Hatari kubwa yenye E au C inaelekeza kwenye mazungumzo ya kuzima moto. Hatari kubwa yenye T2 peke yake inaelekeza zaidi kwenye presha, chumvi, dawa za kulinda figo na kuepuka dawa za maumivu za kununua dukani.

Figo zimeshasinyaa na kiwango cha uchujaji kiko chini ya 20: acha kuhangaikia kinyama. Tumia fomula ya Tangri ya miaka miwili. Ikivuka 40%, ndio wakati wa kuzungumza na wanandoa, kaka na dada kuhusu nani anaweza kupimwa kwa ajili ya kutoa figo, kutengenezewa mshipa wa mkono wa kusafishia damu kabla ya dharura, na kuulinda mkono huo tangu leo: wauguzi wachukue damu na kuweka dripu kwenye mkono mwingine, ikiwezekana kwenye mgongo wa kiganja.